Wavu wa Nyuma ya Jicho, na Mashine Zinazoupiga Picha



Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimekaa na wanafunzi wangu wakubwa hapa Masasi tukisoma kitabu kidogo cha fiqhi. Kijana mmoja akasoma neno, nami nikamrudi. Akalisoma tena vile vile. Nikamrudi mara ya pili, na sauti yangu ikawa kali. Kijana akanyamaza, akatazama chini. Mwenzake aliyekaa kando akasema kwa adabu, "Samahani, Maalim, hapa pana nukta mbili." Nikakichukua kitabu, nikakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nikaona nukta moja. Nikafumba jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto, zikawa mbili. Kijana alikuwa amesoma sawa, na mwalimu ndiye aliyekosa.

Jambo hili halikuwa dogo kwangu. Mwalimu wa chuo hana mali nyingine ila jicho lake, ulimi wake, na imani ya wazazi waliomkabidhi watoto wao. Nami sikuweza kusema kuwa sikuonywa, kwani dalili nilikuwa nimeziona miezi mingi kabla: mistari ya kitabu ikipinda katikati kama kamba iliyolegea, na uso wa mtu wa mbali ukiwa na kivuli. Nilinunua miwani gulioni, haikufaa. Nilikwenda mahali pa matibabu, nikaambiwa kuwa ni umri tu, nikaridhika kwa kuwa maneno hayo yalikuwa mepesi kuyasikia. Na kwa miaka tisa nilikuwa najua ya kwamba nina kisukari. Lakini nilidhani kisukari ni maradhi ya kiu, na mkojo, na vidonda vya miguu. Sikujua kuwa yanao mlango wa kuingilia machoni.

Basi nimeona yanipasa kuyaandika haya niliyojifunza, kwa kuwa nyumba zenye kisukari ni nyingi, na wanaojua habari za nyuma ya jicho ni wachache.

WAVU ULIO NYUMA YA JICHO

Sisi watu wa Kusini tumeyazoea maradhi ya mbele ya jicho, kwa sababu yanaonekana. Vikope tunavijua, na mtoto wa jicho tunamjua: mboni huwa nyeupe, na kila mtu aliye karibu hutambua ya kuwa fulani haoni. Lakini jicho ni mfano wa chumba. Mbele pana dirisha, nyuma ya dirisha pana lenzi inayokusanya nuru, katikati pamejaa ute mwangavu, na ukuta wa nyuma umetandikwa utando mwembamba mno. Utando huo ndio unaopokea sura ya kila kitu tukionacho, ukaigeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu.

Waarabu wameuita utando huo ash-shabakiyya, yaani ulio kama wavu. Na jina la retina walitumialo madaktari latokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Unene wake ni kama robo ya milimita. Hata hivyo ndani ya robo hiyo mna tabaka nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama karatasi za kitabu kilichofungwa. Katikati ya wavu huo pana mahali padogo ambapo ndipo tunaposomea, tunapotambulia sura za watu, na tunapotungia uzi kwenye sindano. Mahali hapo pakiharibika, mtu aweza kutembea njiani bila kujikwaa, lakini hawezi kusoma aya moja.

Wataalamu wa Kiislamu walishughulika sana na elimu hii. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, akathibitisha kwa hoja na majaribio ya kuwa tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu ikaingia jichoni, wala si kwa nuru inayotoka jichoni ikaviendea vitu kama walivyodhani wengi kabla yake. Yeye alidhani kuwa mahali pa kupokea sura ni kwenye lenzi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1604, Johannes Kepler wa Ujerumani alieleza ya kuwa sura huangukia kwenye retina. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: huyu huweka jiwe, na yule huja akaweka la pili juu yake.

KISUKARI KINAFANYA NINI HUMO?

Wavu huo hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea. Kwanza hufanya vivimbe vidogo kama vishanga. Kisha huvuja maji, na mafuta, na damu. Maji yakituama pale katikati tunaposomea, utando huvimba, na mistari ya kitabu huonekana imepinda. Mishipa mingine huziba kabisa, na sehemu ya wavu iliyonyimwa damu hulilia chakula. Mwili nao huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Lakini mishipa hiyo ni dhaifu, huota mahali pasipopasa, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuuvuta wavu ukabanduka ukutani.

Na ubaya wa mambo haya ni kwamba hayaumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongo, haliwashi. Mtu huweza kuwa na maradhi hayo miaka kadhaa naye akiona vizuri, mpaka siku moja akaamka na wingu jeusi machoni.

Shirikisho la kimataifa la kisukari lilikadiria mwaka 2021 ya kuwa watu wazima wenye kisukari duniani walikuwa milioni 537. Na takriban mtu 1 katika kila watu 3 wenye kisukari anayo madhara fulani katika retina yake. Wala tusidhani kuwa hayo ni ya nchi za mbali. Katika wilaya ya Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 walipimwa macho watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Na kati ya waliokutwa na kisukari, zaidi kidogo ya theluthi moja walikuwa na madhara hayo.

Shinikizo la damu nalo huharibu mishipa hiyo hiyo, na siko seli kadhalika. Na mama mwenye kisukari akishika mimba yampasa kupimwa macho mapema, kwa sababu ujauzito huweza kuyaharakisha maradhi haya.

TANGU KIOO CHA HELMHOLTZ

Kwa karne nyingi tabibu aliitazama mboni ya jicho kama mtu anayetazama tundu la mlango wa nyumba yenye giza: haoni kitu ndani. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, alitangaza chombo chake kidogo cha kupenyeza nuru kwenye mboni na kutazama kwa njia ile ile nuru iliyorudi. Hapo ndipo retina ya mtu aliye hai ilipoonekana wazi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1886 Jackman na Webster wakafaulu kuipiga picha, ingawa yule aliyepigwa picha ilimlazimu akae bila kutikisika kwa dakika kadhaa.

Mwaka 1961, huko Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa bado wanafunzi wa udaktari, walieleza namna ya kuingiza dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono, kisha kuipiga picha inapopita katika mishipa ya jicho. Mmoja wao alijitolea mwenyewe kuchomwa kwanza. Dawa hiyo hung'aa inapopigwa na nuru ya buluu; hivyo mshipa unaovuja huonekana ukivuja, na ulioziba huonekana ukiwa giza. Njia hiyo inatumika mpaka leo. Mgonjwa ngozi yake huwa ya manjano kwa saa kadhaa, na mkojo wake hubadilika rangi. Asiyeambiwa mapema huingiwa na hofu, naye hana sababu ya kuogopa. Lakini wako wachache ambao dawa hiyo huwadhuru, kwa hiyo hutolewa mahali penye wauguzi na vifaa vya kumsaidia mtu.

MASHINE YA MWANGWI WA NURU

Picha hizo zote huonyesha uso wa wavu, kama mtu anayetazama jalada la kitabu. Je, karatasi za ndani zitaonekanaje pasipo kukichana kitabu?

Watoto wetu wa Masasi hupenda kupiga kelele mbele ya majabali yanayouzunguka mji. Sauti huenda, hugonga jabali, hurudi. Jabali la karibu hurudisha sauti upesi, la mbali hukawia. Mtu mwenye akili aweza kufumba macho akajua kwa masikio lipi li karibu na lipi li mbali. Ile mashine wanayopimiwa akina mama wajawazito hufanya kazi kwa njia hiyo: hupeleka sauti tusiyoisikia, na kwa mwangwi wake ikachora sura ya mtoto tumboni.

Mwaka 1991 David Huang, James Fujimoto na wenzao, wa Marekani, walitangaza mashine inayofanya hivyo kwa nuru badala ya sauti. Kwa kifupi chake cha Kiingereza huitwa OCT. Lakini palikuwa na shida moja. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ni saa gani ya kupima tofauti ya mwangwi wake ndani ya robo ya milimita? Wakatumia hila ya elimu. Nuru moja hugawanywa mara mbili: nusu huingia jichoni, na nusu huenda kwenye kioo kilichowekwa mahali panapojulikana. Zote mbili hurudi zikakutana. Mawimbi ya nuru iliyotoka jichoni yakipatana na yale yaliyotoka kwenye kioo, mashine hujua ya kuwa njia zao zimelingana, na kwa hesabu hiyo hujua kina cha kila tabaka. Mashine za sasa hutambua tofauti ya kama sehemu 5 za elfu moja ya milimita. Haitumii kisu, wala sindano, wala eksirei.

Katika miaka ya 2010 zikaenea na zile zinazochora mishipa ya damu bila ya dawa ya rangi. Mashine hupiga picha mahali pamoja mara nyingi kwa haraka, kisha hulinganisha. Kilichotulia ni nyama. Kilichobadilika ni chembe za damu zinazopita. Kwa hiyo ramani yote ya mishipa hutokea kwa sekunde chache.

NILIYOYAONA MIMI MWENYEWE

Baada ya msimu wa korosho ndugu zangu walinichangia, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mama watoto aliniambia, "Baba, nenda, chuo tutakiangalia." Kwanza nilisomeshwa herufi za ukutani, nikapimwa sukari na presha. Kisha nikatiwa dawa ya kupanua mboni, nikaketishwa mbele ya mashine iliyo kama kijisanduku. Nikaweka kidevu mahali pake, na paji la uso mahali pake, nikaambiwa nitazame alama inayong'aa nisipepese. Hapakuwa na maumivu. Sikuweza hata kuhesabu hadi ishirini. Kazi ilikuwa imekwisha.

Daktari, Mungu amjazi kheri, aligeuza kioo cha kompyuta nikaona. Akanionyesha kwanza jicho la kushoto. Wasomaji wa Newala wanapajua mahali paitwapo Shimo la Mungu, pale ardhi inaposhuka ghafula kulielekea bonde la Ruvuma. Sasa fikirini bonde dogo, laini, lililoshuka pande zote mbili kwa upole. Ndivyo lilivyo jicho lenye afya pale katikati. Kisha akanionyesha jicho la kulia. Bonde halikuwapo. Mahali pake palikuwa na kilima, na ndani ya kilima matundu meusi. Nikauliza matundu yale ni nini. Akasema, "Ni maji, Maalim. Mishipa inavuja, na maji yamekosa pa kutokea."

Nikanyamaza. Wazee wa uwanda wa juu wa Makonde walishuka mabondeni kuyafuata maji, wakayapandisha kwa vichwa. Nami nilikuwa nayo mahali ambapo tone moja lilitosha kunipokonya kitabu. Na hapo nikafahamu kwa nini miwani ya gulioni haikunifaa. Miwani hunyoosha nuru inayoingia. Haiwezi kunyoosha ukuta uliovimba.

Nilitibiwa kwa sindano ya dawa ya kuzuia uvujaji, ambayo huchomwa ndani ya jicho baada ya kulitia ganzi. Jina lake latisha kuliko yenyewe. Sindano moja haikutosha. Ilinibidi nirudi tena na tena, na nauli ilikuwa chungu kuliko sindano. Lakini kila niliporudi nilipigwa picha ile ile, na daktari akaweka mpya kando ya ya zamani. Kilima kilikuwa kinashuka. Hapa ndipo penye manufaa makubwa ya mashine hiyo: haikumwambia daktari tu kuwa ninaumwa, bali ilimwambia kama dawa inafanya kazi, na lini aongeze, na lini aache. Leo jicho langu la kulia halikurudi kama lilivyokuwa, kwa sababu nilichelewa. Bali nukta mbili naziona mbili.

Iko na tiba ya leza, inayochoma sehemu za wavu zilizonyimwa damu ili zisiendelee kuitisha mishipa mibaya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1976 ulionyesha ya kuwa leza yapunguza hatari ya kupofuka vibaya kwa nusu au zaidi kwa walio na mishipa hiyo. Lakini tiba hizi zote huhifadhi kilichobaki. Wala si kila mara hurudisha kilichokwisha kupotea. Aliyewahi ndiye aliyepata.

YANAYOFANYWA NA MAJIRANI ZETU

Huenda msomaji akasema: mashine kubwa ziko mijini, nasi tuko Newala na Masasi. Ni kweli, na swali hili limewashughulisha wengi Afrika ya Mashariki.

Kule Nakuru, Dakta Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza kifaa kidogo cha kubandikwa juu ya kamera ya simu ya kiganjani, ili ipige picha ya nyuma ya jicho. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2016, picha za simu za pale mshipa wa fahamu unapotokea zililinganishwa na za kamera kubwa ya mezani, zikakaribiana vya kutosha kutumika. Na aliyezipiga hakulazimika kuwa daktari, bali mtu wa kawaida aliyefundishwa.

Rwanda nako walipiga hatua nyingine. Dakta Ciku Mathenge na wenzake waliwapiga picha za macho watu wenye kisukari katika zahanati zao, na picha zikasomwa na kompyuta iliyofundishwa kutambua maradhi, hiyo iitwayo akili mnemba. Wengine walipewa majibu papo hapo, wengine wakangoja mtaalamu asome na kuwapelekea habari baada ya siku kadhaa. Katika matokeo ya mwaka 2022, walioambiwa papo hapo kuwa waende kwa daktari wa macho, kama nusu yao walikwenda. Waliongojeshwa, walikwenda kama wawili katika kila watano. Tazameni basi: ugonjwa ni ule ule, daktari ni yule yule, lakini jibu lililokawia lilipunguza waendao. Na tazameni tena, hata waliojibiwa papo hapo nusu hawakwenda. Mashine husoma picha. Haimshiki mtu mkono akapanda basi.

Na Malawi, nchi jirani, retina imefundisha jambo la ajabu juu ya malaria. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, madaktari waliona ya kuwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo huwa na alama katika retina zao: sehemu zilizopauka, mishipa iliyogeuka rangi, na madoa ya damu yenye weupe katikati. Mwaka 2004 Dakta Terrie Taylor na wenzake walitoa habari za watoto 31 waliofariki, ambao wote kwa dalili za nje walihesabiwa kuwa na malaria ya ubongo. Walipochunguzwa, 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili iliyowatenga waliokuwa nayo kweli na wasiokuwa nayo ilikuwa ni zile alama za retina. Kwa hiyo jicho ni dirisha la ubongo, na mahali ambapo daktari aweza kuitazama mishipa midogo ya damu kwa macho yake bila ya kupasua. Kwa watu wa mkoa kama wetu, uliozoea malaria, habari hiyo si ndogo.

JE, SISI TUFANYE NINI?

La kwanza, mwenye kisukari asingoje dalili. Na apimwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Aanze kwenye hospitali ya wilaya iliyo karibu, Newala au Masasi, aseme waziwazi: "Nina kisukari, nataka nitazamwe nyuma ya jicho." Asiseme tu "macho yananisumbua", maana atapewa miwani. Akihitaji zaidi ataelekezwa Mtwara; na hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, na KCMC ya Moshi, zina idara za macho.

La pili, asidai picha kabla ya wakati wake. Daktari hutazama kwanza kwa vyombo vyake, ndipo akaamua kama picha yahitajiwa na ya namna gani. Na mwenye mtoto wa jicho mzito huenda picha isitoke, kwa kuwa nuru haipenyi.

La tatu, kila mtu ajijaribu nyumbani. Funika jicho moja, tazama fremu ya mlango au mistari ya daftari la mtoto. Kisha ufunike la pili. Ukiona mstari umepinda, au pana doa katikati, usingoje msimu wa korosho. Mimi nilidanganywa na jicho langu zima, lililokuwa likilifichia aibu lile bovu. Lakini jaribio hili halishiki nafasi ya kupimwa kila mwaka, kwani mwanzo wa maradhi hauonyeshi kitu.

La nne, picha haitibu. Dawa ya kisukari inywewe kama ilivyoagizwa, presha ishushwe, na chai ya sukari nyingi iachwe, hata kama ni ya hitima au ya harusi.

Nimeulizwa na akina mama juu ya funga. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kutia wanja machoni hakufunguzi saumu, kwa kuwa jicho halikuhesabiwa kuwa ni njia iliyo wazi ya kuingia tumboni. Na wanazuoni wamekisia dawa ya matone juu ya hilo. Basi mtu asiache dawa yake ya macho kwa sababu ya Ramadhani. Ama kufunga kwenyewe kwa mwenye kisukari, na amwulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, wala asijione mnyonge wa imani akipewa ruhusa. Na baada ya kupanuliwa mboni, mtu haoni vizuri kwa saa kadhaa na jua humuumiza. Asiendeshe pikipiki, na awe na wa kumwongoza.

MANENO YA MWISHO

Ninaye mwalimu mwenzangu upande wa Newala, mkubwa wangu kwa umri na kwa elimu, naye ana kisukari kuliko mimi. Niliporudi Dar es Salaam mara ya kwanza nilimwendea, nikamsimulia bonde na kilima. Akacheka kwa upole, akaniambia, "Ndugu yangu, jicho haliniumi. Nisafiri kumfuata nani?" Mwaka uliofuata damu ilimwagika ndani ya jicho lake la kushoto, kisha la kulia. Sasa mjukuu wake humshika mkono kumpeleka msikitini. Angali anafundisha, alhamdulillahi, kwa kuwa Qur'ani imo kifuani mwake; mtoto husoma, naye husikiliza. Lakini vitabu vyake, alivyovikusanya miaka arobaini, vimekaa kimya rafuni.

Nilipomwambia kuwa nitaandika habari hizi aliniuliza, "Utaandika na yangu?" Nikamjibu kuwa akinikataza sitaandika. Akasema, "Andika. Waambie kuwa halikuuma."

Hapa chuoni kwetu tumeanza jambo dogo. Kamati imeandika majina ya wazazi na wazee wenye kisukari, na kila baada ya mauzo ya korosho hutengwa fungu la nauli, waende kupimwa kwa pamoja, watu watano au sita, na kijana mmoja wa kuwaongoza. Safari ya pamoja hupunguza hofu, na mtu huona haya kubaki nyuma. Naomba misikiti na vyuo vya Masasi, Newala na kwingineko viige, na vyenye uwezo vizidishe.

Wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yumo mwenye kisukari, msomee makala haya leo. Na ikiwa ndiye wewe, funika jicho moja sasa hivi, utazame mlango.

Wabillahi tawfiq.